Mama Herufi na Tulipu ya Mgongoni

Kuna watoto wanaozaliwa na kilio kikubwa na wengine na usingizi mzito. Huyu alizaliwa na maswali. Siku moja mama yake alimtuma chumvi dukani, akarudi mikono mitupu na chakula kimeshaharibika, kwa sababu alisimama kwa fundi saa kumwuliza kwa nini mishale ya saa inazunguka upande ule na si upande mwingine. Fundi saa hakujua. Mama mtu hakuwa na hamu ya kujua. Mtoto alilala na kofi na swali lake. Kofi alilisahau upesi, swali bado analo.

Alipokua alisoma, akaajiriwa kwenye maabara ya mimea, jengo la ghorofa moja nyuma ya bustani ya umma, lenye korido inayonuka spiriti na majokofu yanayonguruma mchana kutwa. Huko jina lake limesahauliwa. Wanamwita Mama Herufi. Mgeni akilisikia hudhani ni mwalimu wa chekechea, na yeye huwa hasahihishi mpaka aone mgeni amekwenda mbali na dhana yake, maana anapenda kujua watu hufikaje wanakofika.

Kazi yake ni kusoma maandishi yaliyomo ndani ya majani. Ndani ya jani lolote la kijani kuna vichembe vidogo vinavyopika chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Wasomi wanaviita kloroplasti. Kila kichembe kina waraka wake wa urithi, ulioandikwa kwa herufi nne tu, zinarudiwarudiwa na kupangwapangwa mpaka zinafika laki moja na nusu hivi. Na waraka huo, kwa ua la tulipu kama kwa mimea mingi, mtoto huupata kwa mama. Baba hachangii hata nukta. Mama mkwe wake alipoelezwa habari hiyo alifurahi sana, akasema yeye siku zote alijua kwamba akina baba wanajidai tu.

Maabara ilikuwa inalinganisha nyaraka za tulipu za porini, zile ndogo zinazoota zenyewe milimani, ili kujua nani ni ndugu wa nani na nani amebaki peke yake. Tulipu hizo zilikuwa zinapungua. Huku zimeliwa na mbuzi, kule watu wamechimba matunguu yake, yale yanayofanana na vitunguu, wakauze mjini, pengine barabara imepita juu yake. Huwezi kumlinda mtu usiyejua kama yupo, ndivyo alivyopenda kusema mkuu wa maabara, mama mmoja mwembamba waliyemwita Daktari tu, ambaye kila asubuhi alitafuta miwani yake ikiwa imekaa kwenye paji la uso.

Habari yetu inahusu tulipu mbili za kilima kimoja. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, na ilionekana karibu kila kilima cha upande ule. Ya pili ilikuwa ya njano na iliota sehemu moja tu, nyuma ya kilima cha mawe, mahali watu wa huko walipopaita Mgongoni. Mbele ya kilima kulikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea, na wenye machimbo walitaka kuhamia Mgongoni, ambako jiwe ni zuri zaidi. Kamati ya ardhi ikasema: maabara ituambie. Kama hiyo ya njano ni aina yake peke yake, Mgongoni hapaguswi. Kama ni ileile nyekundu iliyobadili rangi tu, nyekundu zipo tele kwingine, watu wachimbe.

Aliyeleta majani alikuwa mzee mmoja wa makamo ya babu, aliyeitwa Mzee Buti. Alikuwa mpasua mawe kwenye machimbo yaleyale tangu ujanani, na ndiye aliyeziona zile za njano kwanza, siku alipozunguka nyuma ya kilima kutafuta kivuli. Alipoacha kazi ya mawe aliondoka na buti zake, na maabara ikamchukua awe anawakusanyia majani. Wenzake wa zamani walimcheka kwamba mwanamume mzima amekwenda kuchuma maua. Naye alicheka nao, kisha akapanda kilima.

Majani yalipofika yaliwekwa kwenye bahasha pamoja na zile punje za kunyonya unyevu zinazopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Mama Herufi aliyasaga kwenye kinu kidogo cha kauri, akayasafisha kwa dawa, akayapeleka kwenye mashine. Mashine nayo haisomi waraka mzima kwa mkupuo. Inaukatakata na kukuletea vipande vifupi, maelfu kwa maelfu, na kazi ya kuviunga ni yako na kompyuta yako. Maabara ilikuwa na njia yake ya kuharakisha. Tulipu nyekundu ya kilima kingine ndiyo iliyosomwa kwanza, ikasomwa vizuri, na tangu hapo vipande vya kila tulipu mpya vililazwa juu ya waraka wa nyekundu, kila kipande mahali pake. Kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja.

Ya njano ilipomaliza kupangwa, Mama Herufi aliweka nyaraka mbili sambamba kwenye kioo cha kompyuta akatazama zinapotofautiana. Hazikutofautiana mahali popote. Akarudia. Jibu likawa lilelile.

Sasa yeye hakuwa mtu wa kazi chafu. Kila anaposaga majani hupitisha na kichupa kitupu hatua kwa hatua, kisicho na jani lolote, ili kama kuna uchafu unaruka kutoka sampuli hii kwenda ile, uonekane mle. Kichupa kilikuwa kimetoka kitupu kama kilivyoingia. Kwa hiyo kosa halikuwa mezani kwake, na kama halikuwa mezani kwake basi lilikuwa kwenye bahasha. Mawazo yake yalifika hapo kwa haraka na kwa starehe, na hakuyauliza maswali hata moja. Akaagiza Mzee Buti aitwe.

Mzee aliingia na mfuko wake begani, akafuta buti mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa unanitaka."

"Majani ya njano na ya nyekundu yamechanganyika."

"Yamechanganyikia wapi?"

"Hapa kwangu hayakuchanganyika. Nimeshahakikisha."

"Kwa hiyo yamechanganyikia kwangu."

"Simaanishi vibaya, mzee. Macho nayo yana umri. Mtu anaweza kutia jani kwenye bahasha siyo."

"Nimepasua mawe tangu sijaota ndevu," alisema mzee. "Jiwe bovu nalijua kwa mlio. Leo nishindwe na njano na nyekundu?"

Hakupandisha sauti. Alivua mfuko begani, akautua juu ya meza kwa adabu, akaunyoosha ukae sawa. "Basi tafuteni mwenye macho mapya," akasema, akatoka. Ulimi hauna mfupa, lakini Mama Herufi hakulifikiria hilo siku ile. Alikuwa na hasira na bahasha.

Daktari alipopewa habari alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Kamati haitusubiri mwaka mwingine," alisema. "Ikikutana tutawapa tulichokiona. Na tulichokiona ni kwamba njano na nyekundu ni kitu kimoja."

"Na Mgongoni?"

"Watachimba."

Mama Herufi alirudi mezani kwake na kitu kinamwasha kichwani, mahali asipoweza kukuna. Haikuwa huruma, ingawa huruma nayo ilikuwepo. Ilikuwa hesabu. Alishasoma tulipu nyekundu za vilima kadhaa, na hata nyekundu mbili za kilima kimoja hupishana herufi moja hapa, mbili pale. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani mpaka kucha. Sasa tuseme mzee alikosea kweli, akatia majani ya nyekundu kwenye bahasha ya njano. Nyekundu hiyo ya Mgongoni ingekuwaje sawa kabisa na nyekundu ya kwanza, iliyochumwa kilima kingine? Herufi laki moja na nusu, na hakuna hata moja iliyopotea njia? Alitazama kioo mpaka macho yakamtoka machozi. Kufanana kule kulizidi mno.

Akaenda nalo nyumbani, kama alivyozoea kwenda na maswali yake.

Nyumbani kwake chumba cha mbele ni kiwanda. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole ambaye muda wote ana pini midomoni, na ukimwuliza jambo hukujibu kwa nyusi. Kuna cherehani mbili, pasi, meza ndefu yenye mikwaruzo ya chaki, na ukutani zimetundikwa karatasi za vipimo, kila mteja wa kudumu na yake. Karatasi ya mkewe imekaa katikati, imezeeka na kulainika kwa kutumiwa.

Jumamosi ile alifika wifi, dada yake fundi, mwanamke mfupi, mnene, mwenye haraka na maneno mengi. Alikuwa ameshonewa gauni la kwenda kumuaga bosi wake anayestaafu. Aliingia nyuma ya pazia kulijaribu, ikasikika miguno na kuvutana, kisha akatoka. Mikono ya gauni ilimfunika vidole. Nyonga zilikuwa zimebanwa mpaka alitembea kwa hatua za kuku aliyefungwa mguu.

"Kaka," alisema, "hili gauni ni la nani?"

Fundi akapandisha nyusi, maana yake: lako.

"Langu mimi, au la huyu mkeo mrefu kama mlingoti?"

Fundi alitoa pini midomoni, moja moja. Ilikuwa kesi kubwa. "Siku ile ulikuja mbiombio. Nilikupima mabega tu, kwingine kote ulikuwa kwenye simu unazunguka. Sasa ningefanya nini? Nikachukua karatasi ya mke wangu, pale nisipokuwa na kipimo chako nikajazia kwa chake. Si mnalingana."

"Tunalingana wapi? Wifi, hebu simama hapa. Tunalingana?"

"Labda zamani," alisema Mama Herufi, "kabla hujaanza kula sahani yako na yangu."

"Mwone. Na wewe kabla hujanyooka kama ufito wa kuangulia embe za watu."

"Halafu kitambaa chenyewe kinavuta," fundi akaongeza kwa sauti ndogo.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema wifi. Akarudi nyuma ya pazia, akalivua gauni akamtupia wifi yake. "Vaa wewe. Tulione limeshonewa nani."

Mama Herufi akalivaa kwa mzaha. Likamkaa sawasawa. Mikono ikaishia kwenye kifundo, nyonga zikatulia, hata mshono wa mgongoni ukapita pale anapopenda yeye upite. Wifi alicheka mpaka akashika meza. Fundi naye akacheka, akiona kwamba angalau kuna mtu amependeza. Aliyelivaa peke yake ndiye aliyeacha kucheka.

"Mume wangu, rudia ulichosema. Pale ambapo hukuwa na kipimo ulifanya nini?"

"Nilijazia kwa chako. Nimeshasema kosa langu."

"Sikulaumu. Nauliza. Mtu akilikuta hili gauni limetundikwa, hajatuona mimi wala wifi, akaambiwa hili ni gauni la wifi, na lile pale la mkeo. Akayalinganisha. Atasemaje?"

Fundi alifikiri. "Atasema hawa watu wawili wana mwili mmoja."

"Mpaka urefu wa mikono."

"Mpaka urefu wa mikono. Lakini mikono yenyewe sikuipima, nimekwambia."

Mama Herufi alikaa kwenye kiti cha wateja, gauni la watu mwilini. Alisikia uso unamchoma. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua lake yeye lilikuwa mzee wa watu.

Jumatatu hakupita hata kuosha kikombe. Aliwasha kompyuta, akaacha waraka uliokamilika, akaenda kutazama vipande vyenyewe vibichi jinsi mashine ilivyovitoa. Vilikuwa vichache kuliko alivyodhani. Bahasha za Mgongoni zilikaa maabara kipindi cha mvua kabla hazijafunguliwa, majani yakapata unyevu, na jani lililopata unyevu hutoa vipande haba. Vipande hivyo vilipolazwa juu ya waraka wa nyekundu viliacha mapengo makubwa. Na katika maelekezo ya kompyuta, yale ambayo kila mtu wa maabara aliyanakili kwa mwenzake bila kuyasoma, kulikuwa na amri moja fupi: penye pengo, jazia herufi za kielelezo, yaani za ule waraka wa nyekundu. Kompyuta ilitii. Kila mahali ambapo njano haikuwa na la kusema, ilisemewa na nyekundu. Na mapengo yenyewe yaliangukia palepale ambapo tulipu huwa zinatofautiana. Sehemu zilizobaki ni zile ambazo kila tulipu duniani ingekuwa nazo hivyohivyo.

Hakuwa amelinganisha njano na nyekundu. Alikuwa amelinganisha nyekundu na nyekundu, asubuhi nzima, kwa makini sana.

Alimwambia Daktari yote, pamoja na habari ya gauni. Daktari alisikiliza huku akitafuta miwani.

"Amri hiyo ya kujazia niliiweka mimi," alisema mwishowe. "Wakati ule tulikuwa tunasoma nyekundu tu, haikuwa na madhara. Sikuitoa. Kwa hiyo tugawane aibu."

"Aibu ya mzee ni yangu peke yangu," alisema Mama Herufi.

Ilibidi wasome upya, bila kielelezo, vipande viungwe kwa ncha zake vyenyewe. Lakini kwa kazi hiyo zinahitajika sampuli nzuri, na tulipu si mchicha. Zinachipua baridi ikiondoka, zinachanua, kisha joto likianza majani yanakauka na mmea wote unajificha ardhini kwenye tunguu lake. Wakati ule majani yalikuwa yameshakwisha. Tunguu haliruhusiwi kuchimbwa, ndiyo sheria ya kwanza ya kulinda ua. Kilichokuwa kimebaki juu ya ardhi ni mabua makavu yenye matumba ya mbegu.

"Mbegu zinafaa," alisema Mama Herufi. "Hata kama nyuki alileta chavua kutoka kwenye nyekundu, hainidhuru. Waraka wa kloroplasti ni wa mama, na mama ni bua lililozaa."

"Na utajuaje bua gani lilikuwa la njano? Yakikauka yote ni kahawia."

"Sijui," alisema. "Kuna mtu anayejua."

Mzee Buti alikuwa anaishi chumba cha mwisho kwenye safu ya vyumba, na siku hiyo alikuwa amekaa kizingitini anagundisha soli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bahasha zimechanganyika tena?"

"Hapana, mzee. Hazikuchanganyika hata mara ya kwanza. Nimekuja kukuomba radhi. Kosa lilikuwa kwangu."

Akamweleza lilivyokuwa. Alipofika kwenye gauni mzee alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka puani. "Kwa hiyo ua langu umelivalisha nguo ya jirani."

"Ndiyo, mzee."

"Halafu ukaniambia mimi ndiye sioni."

"Ndiyo."

Mzee alibana soli kwa vidole vyote. "Na sasa unataka mbegu kabla kamati haijakutana."

"Ndiyo, mzee. Bila wewe sizipati."

"Gundi hii haitaki haraka," alisema mzee. "Kaa."

Akakaa. Majirani walipita, wakasalimia, wakaitikiwa. Gundi ilipokauka mzee alivaa buti, akakanyaga chini mara mbili kujaribu, akatangulia mbele.

Ni aibu kusema, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Herufi kufika Mgongoni. Miaka yote alisoma majani yaliyokuja kwenye bahasha. Upande wa mbele wa kilima mashine zilikuwa zinasaga mawe, na vumbi lilivuka ukingo likashuka juu ya kila kitu. Upande wa nyuma kulikuwa na mteremko wa mawe madogo na mabua makavu, marefu kama kidole, kila moja limebeba tumba lililopasuka pande tatu. Ndani ya matumba mbegu zilipangana, bapa, nyepesi, za rangi ya kahawia. Alizitazama kwa furaha ya mtu aliyemjua mwenzake kwa barua tu na leo wamekutana.

Halafu akaona mawe. Mawe mengi ya mteremko ule yalikuwa meusi juu kwa jua na mvua, lakini hapa na pale palikuwa na mawe meupe, mawili mawili, kando ya mabua.

"Jiwe lililolala muda mrefu lina mgongo mweusi na tumbo jeupe," alisema mzee. "Kila mwaka ya njano ikichanua naigeuzia mawe, tumbo juu. Wenzangu wakipita huko juu wananiambia natandika kitanda."

Mama Herufi alifungua mdomo, akaufunga. Alijiapia njiani kwamba safari hii hatatia shaka. Akainama kuchukua bahasha.

"Uliza," alisema mzee.

"Niulize nini?"

"Nimeiona inakuwasha. Unataka kuuliza kama mbuzi anaweza kugeuza jiwe."

Akanywea. "Anaweza?"

"Anaweza. Ndiyo maana nageuza mawili, na nayaelekeza kwenye bua. Mbuzi hana adabu hiyo." Mzee akachuchumaa, akakata tumba la kwanza, akalitia kwenye bahasha taratibu. "Siku ile ungeniuliza hivyo ningekujibu hivi. Ungeniuliza mpaka jioni nisingechukia. Hukuniuliza, mama. Uliniambia."

Mtu aliyepigwa kofi kwa ajili ya maswali, akasomea maswali, akaolewa na kuajiriwa na maswali yake, aliinamisha kichwa juu ya mteremko. Machozi yalimlenga na hakuyaficha. Mzee alimpa kisu, wakaendelea kukata.

Mbegu zilitoa vipande tele. Safari hii hakuvilaza juu ya waraka wa mtu. Aliviunga ncha kwa ncha, kompyuta ikasaga siku kadhaa, na waraka ulipokamilika akauweka kando ya ule wa nyekundu. Zilipishana hapa, zikapishana pale, na kulikuwa na kipande kirefu ambacho nyekundu haina kabisa, na tulipu nyingine zote walizowahi kusoma hazina. Alikwenda koridoni akatembea mwisho hadi mwisho, akarudi, akatazama tena, akaenda tena koridoni. Daktari alimkuta huko akamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ana furaha tu, na haijui pa kuiweka. Wakaifuta ile amri ya kujazia siku hiyohiyo, wote wawili wakitazama.

Ripoti ilipoandikwa Daktari alitaka jina kamili la Mzee Buti lisomeke kwenye ukurasa wa kwanza, ikagundulika kwamba maabara nzima hakuna anayelijua. Ikabidi aulizwe. Mbele ya kamati Mama Herufi alikwenda na gauni la wifi, kwa kuwa wifi alikuwa ameshashonewa jingine na hilo lilikuwa linamkaa yeye. Wakili wa machimbo alimwuliza maswali magumu, akayapenda. Kamati ikafunga Mgongoni. Machimbo yaliambiwa yabaki mbele, na vumbi lao linavuka bado, hilo hakuna aliyelimaliza.

Baridi ilipoondoka mzee alipita maabara kumchukua Mama Herufi. Walipovuka ukingo wa kilima alisimama akamwacha atazame peke yake. Zilikuwa zimechanua, njano kati ya mawe meupe, na nyekundu chache pembeni, fupi, wazi kabisa kwa jua. Alipiga magoti akatazama moja ndani, kisha nyingine, bila kugusa.

"Kwa hiyo mama yao si mmoja," alisema mzee nyuma yake.

"Si mmoja. Walikuwa na bibi mmoja, zamani sana, halafu wakaachana."

"Na kati yao nani alimwacha mwenzake? Nani alikuwa hapa kwanza?"

Alifungua mdomo. Jibu moja lilikuwa tayari, zuri, la kupendeza masikioni, na lingeziba pengo vizuri sana.

"Sijui, mzee."

Mzee Buti aliinama, akachukua jiwe jeusi, akaligeuza tumbo juu kando ya ua la njano alilokuwa analitazama Mama Herufi. Kisha akatafuta la pili, akampa yeye alilaze.